Mama wa Vitambaa Jikoni

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana siku hiyo mwanangu anachukuliwa, nami ndiye niliyesema sawa.

Mimi ni fundi cherehani, chumba changu cha kushonea kiko ng'ambo ya barabara, na mwanangu tunayemwita Bonge ana miezi kumi na moja. Niliporudi kazini nilimwacha na wifi yangu, binti mpole hana neno, lakini kila nikigusa mlango Bonge analia mpaka anakosa pumzi, na mimi kilio cha kuagana sikiwezi tangu utotoni, kwani mama yangu aliniacha kwa mama mkubwa nikiwa nimelala, nikaamka hayupo, hakurudi hadi nilipofika darasa la pili, basi nikabuni ujanja ambao naona haya hata kuuandika. Nilichukua sanamu la kuonyeshea nguo kutoka chumba changu cha kushonea, nikalivika gauni langu la nyumbani, kichwa nikakitengeneza kwa mabaki ya vitambaa na kukifunga kilemba, nikalisimamisha jikoni limeipa sebule mgongo, Bonge akitazama anaona mama yupo, mimi natoka mlango wa nyuma viatu mkononi. Wiki mbili mambo yakawa shwari, nikajiona nina akili kuliko wote. Wiki iliyopita Bonge akatambaa hadi jikoni, akavuta pindo la gauni, sanamu likaanguka, kichwa kikabingirika chini ya meza, na wifi anasema mtoto alikikodolea macho kwanza, ndipo akalia mpaka majirani wakagonga mlango.

Tangu hapo nikirudi ananitazama usoni, ananivuta pua, kisha anamgeukia wifi. Nikienda msalani analia, nikimbeba ananisukuma. Mama mkwe akapiga simu: "Umeshamdekeza huyo. Mimi nimelea sita. Nakuja Jumapili nimchukue, akae kwangu mpaka aanze shule." Mume wangu akasema, "Mama anajua." Nami nikajibu, "Sawa, mama," kwa sababu moyoni niliona mtoto ameshanikataa. Je, nimwache aende?

Fundi, mama wa Bonge

Mama Bonge,

Kichwa kilipobingirika nilicheka mpaka machozi, unisamehe. Kisha nikakasirika. Unamshonea mtoto mama wa uongo, halafu unashangaa akikukagua pua?

Mtoto hajakukataa. Alipokuwa mchanga, kitu kikitoka machoni pake kilikuwa kama hakipo tena. Wengi wakifika miezi minane hivi huanza kukitafuta. Bonge sasa anajua kuwa mama akitoka yuko mahali fulani, ila hajui ni wapi wala atarudi lini. Kilio chake ni akili inayokua. Alitambaa hadi jikoni kukufuata wewe, akakuta vitambaa. Ningekuwa yeye, ningekagua kila mama anayeingia.

Kudeka? Katika umri huo hadeki, anauliza swali moja: huyu mtu naweza kumtegemea? Akijibiwa ndiyo, mara nyingi, ndipo atakapothubutu kwenda mbali nawe. Akifika miaka miwili utaniandikia kwamba anataka kuvaa viatu mwenyewe, tena cha kulia mguu wa kushoto, mwache avae. Shuleni atataka uone alichokiweza, na akibalehe atakufungia mlango akijiuliza yeye ni nani hasa. Kazi yake ya sasa ni kujifunza kukuamini, nawe unataka kumhamisha katikati ya kazi hiyo! Mama mkwe wako ana nia njema, na watoto sita si mchezo. Lakini wanawe wamekua, mikono imebaki mitupu, anatamani kuhitajiwa tena. Akae nanyi wiki nzima, amzoee mjukuu hapo hapo alipo.

Na wewe, fundi. Habari ya mama yako umeipitisha haraka haraka, kama mtu anayeficha mshono mbaya. Mimi nimeiona. Anayeogopa kuagana hapo nyumbani si Bonge peke yake. Pole sana, mwanangu, uliumia kweli. Ila utu uzima ni pamoja na kutazama ulichofanyiwa na kuamua kisivuke kwenda kwa mwanao. Tafuta mtu umsimulie, na ukiweza, muulize mama yako kwa nini.

Kuanzia kesho toka mlango wa mbele, viatu miguuni. Mwambie, "Mama anakwenda kazini, atarudi," maneno yale yale kila siku, mkabidhi kwa wifi, uende. Atalia. Usirudi kuchungulia dirishani. Mchana vuka barabara ule naye, hakuna mteja atakayekufa kwa kusubiri pindo. Jioni kaa chini, usimnyakue, mwache akukague mpaka aridhike. Itachukua wiki kadhaa na utachoka.

Mumeo mwambie leo, usingoje Jumapili asubuhi, kwamba ulikubali kwa hofu na sasa umebadili mawazo. Mama mkwe akifika mpokee mkoba, mwekee chai, na kabla hajauliza nguo za mtoto ziko wapi, mwambie kwa adabu zote: "Mama, karibu ukae. Mtoto haendi."