Nyuki wa Baba Wamenigeuka

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapanda basi la Kondoa Ijumaa hii, kwa maana nikishafika nyumbani sitaweza tena kukataa.

Mimi ni mtumishi wa serikali, naishi Nzuguni na mke wangu Asma, lakini nilizaliwa vilimani Kondoa kwa Mzee Uwesu, mfuga nyuki, na utoto wangu wote unanukia nta na moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, kila msimu wa kurina asali tuliumwa na nyuki na baba akichomoa mwiba kwa ukucha husema, "Tayari, wamekujua," nasi tukaamini kwamba sumu ile humkomaza mtu, na kweli sikuwa nikivimba, hadi nilipohamia mjini nikawa narudi mara moja tu kwa mwaka, ndipo mkono ukaanza kuvimba, msimu uliofuata uso, nami nikajiambia mwili unazoea upya, hadi mwaka jana mdogo wangu Mudrick akiwa bado ananitania, "Kaka, umekuwa mtu wa kiyoyozi, hata nyuki wamekukana!" nyuki mmoja akaniuma shingoni, mwili wote ukawasha, koo likabana, nikaanguka, na Mudrick huyo huyo akanikimbiza zahanati kwa pikipiki huku analia.

Daktari alisema ni mzio, nisisogelee mizinga tena. Asma naye amekataa katakata. Lakini baba macho yanamfifia, na ameagiza mizinga yake ya juu ya miti mwaka huu ifunguliwe na mimi, mwanawe wa kwanza, wala hajui yaliyonipata kwa kuwa tulimficha. Naogopa kifo, mshauri, ila naogopa zaidi uso wa baba. Je, nikivaa nguo nzito, mara hii moja tu?

Abbasi, Nzuguni

*

Abbasi, nimesoma barua yako nikaisikia harufu ya moshi ule, wala sikulaumu kwa kuukumbuka. Nakulaumu kwa hiyo "mara hii moja tu".

Ni kweli mwili hujifunza. Hukuuliza tu unajifunza nini. Chini ya ngozi na katika njia ya hewa zipo seli za kinga zilizosheheni kemikali kali, walinzi wako dhidi ya vimelea. Ulipoumwa mara kwa mara, seli nyingine za kinga ziliwatuliza walinzi hao. Ulipoondoka, yaelekea utulivu ule ulififia, na kuumwa kwa nadra kukawafunza kuiona sumu ya nyuki kuwa adui. Sasa ikiingia kidogo tu, wanamwaga kemikali zote kwa pamoja, na kinachokuziba koo ni ulinzi wako mwenyewe. Hakuna aliyekukana. Lakini mwili ule wa utoto haupo tena, na hata uvae magunia kumi, nyuki mmoja akipenya anatosha.

Nenda Kondoa, mizingani usiende. Kwanza mwone daktari bingwa, umuulize kuhusu sindano ya adrenalini ya kubeba, ile ya dharura inayofungua njia ya hewa, na Asma na Mudrick wafundishwe kuitumia. Uliza pia kama yapo matibabu ya kuuzoesha mwili sumu hiyo kidogo kidogo. Hayo ni ya hospitalini, si ya juu ya mti. Mizinga aifungue Mudrick.

Na kumficha mzazi mnakuita heshima? Mzee anadhani anakupa urithi, kumbe anakutuma kaburini bila kujua. Mpigie leo. Mwamkie shikamoo, kisha umwambie: "Baba, nyuki mmoja akiniuma naweza kufa."  Kisha usiongeze neno. Mwache abaki baba yako, akukataze yeye mwenyewe.