Kitabu cha Mwezi wa Chumvi

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua lakini mdomo uko salama. Juzi kagombana na fundi bomba mpaka fundi akaondoka bila spana zake.

Ndani ya kifurushi utaona kitabu cha pili cha Nahodha, katika vile ninavyoviandika kutokana na filamu zake. Cha tatu nimeanza kukiandika, na tayari nimekwama. Wenye filamu wamenitumia muswada kama kawaida yao, kila wiki mpya, na kila mpya unafuta wa zamani. Safari hii Nahodha na watu wake wanakamatwa na kufungwa kwenye mgodi wa chumvi, juu ya mwezi usio na hewa. Muswada unasema hivi tu: "Ndani ya gereza. Wafungwa wamelala." Basi. Wao watapiga picha, kazi imekwisha. Mimi nina maneno tu, na sijawahi kulala selo.

Hebu niambie, mnalalaje? Mlango ukifungwa unalia vipi? Usiandike kitu cha kukuponza. Nataka tu wafungwa wangu wawe watu.

Ni mimi,
Dada yako

27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Mwambie Mama zile spana azifiche, fundi atarudi.

Kitabu kimefika. Kilikaa ofisini muda mrefu kikikaguliwa, na kimetoka kimekunjwa kona kila baada ya kurasa chache, kwa hiyo nadhani kuna askari aliyenogewa. Filamu humu hatuoni, Dada. Sinema yetu ni wewe. Jioni tukishafungiwa mimi nasoma kwa sauti na selo nzima inatulia. Kuna mmoja alikuwa fundi redio, tunamwita Profesa kwa sababu hakuna asilolibishia. Merikebu ya angani ilipolipuka akasema pasipo na hewa hapana sauti, sasa huo mlipuko nani kausikia? Mrefu, anayelala karibu na mlango, akamwambia: "Wewe umeingia bure, nyamaza tusikilize." Na wote wanakuomba, tafadhali, yule mhandisi wa Nahodha asife.

Umeuliza tunalalaje. Ubavu kwa ubavu, Dada, wote upande mmoja, maana chali hatutoshi. Mmoja akichoka nyapara anasema "Geuka!" na selo nzima inageuka kwa pamoja. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Mlango haulii, unaguna. Askari wa zamu haingii ndani. Anamulika tochi kwenye kidirisha na kuhesabu mablanketi. Tukishajifunika gubigubi sisi ni vichuguu tu.

Bodi inayoamua nani atoke mapema itakaa katikati ya mwaka, na jina langu limo. Mama wa yule kijana niliyemgonga na lori ameiandikia kwamba amenisamehe. Nilipoambiwa sikuweza kula.

Mdogo wako

12 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama anaendelea vizuri, ameshaanza kupaka rangi chumba chako. Nimemwambia asubiri bodi, kanijibu rangi haisubiri bodi.

Kitabu kimetoka, nakala yako hii hapa! Filamu bado, itaonyeshwa baadaye, kwa hiyo nyie ndio wa kwanza kujua mwisho wake. Ile "Geuka!" yako nimeiweka kama ilivyo. Mhariri alinipigia simu, nikadhani laini imekatika, kumbe analia.

Kwenye filamu wanatoroka kwa kukata ukuta kwa mwanga, mara moja tu, hao nje. Kitabuni hiyo haijazi hata nusu ukurasa. Basi nikatunga mwenyewe: mhandisi anajaza ovaroli yake matambara, anailaza chini ya blanketi, mlinzi anahesabu kichuguu na kupita. Sura nzima nimeijenga hapo, na sijawahi kuandika nzuri kuliko hiyo. Mwombe Profesa radhi, mhandisi anakufa. Nilipigania asife, wenye filamu wakakataa.

Dada yako anayekungoja

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua hii inatoka mfukoni mwa mtu anayeachiwa leo, kwa hiyo nafupisha.

Mrefu amejaribu kutoroka. Alijaza nguo chini ya blanketi. Askari alihesabu, akapita. Wamemkuta chini ya ukuta amevunjika mguu, na kwenye godoro lake kitabu chako, kimefunguliwa kwenye sura ile.

Wamenitoa selo, nakaa peke yangu. Mkuu wa gereza kaniuliza: "Dada yako hajawahi kufungwa. Amejuaje jinsi tunavyohesabu?" Wanasema tulipanga, mimi nakupa siri na wewe unazirudisha humu zikiwa zimevaa jalada. Bodi ikisikia hivyo, sitoki.

Nakuomba kama ninavyomwomba Mama: sema umetunga yote. Sema hukuniuliza kitu. Aliyekagua barua zetu wakati ule amehamishwa, hakuna anayekumbuka. Ya Februari ichome.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Habari za gerezani kwenu zimenifikia, na najua barua hii itafunguliwa kabla haijakufikia. Basi nawe unayeifungua, habari za kazi, afande. Soma mpaka mwisho, yanakuhusu.

Nilimuuliza mdogo wangu wafungwa wanalalaje. Akanijibu. Matambara ndani ya ovaroli niliyatunga mimi, mezani kwangu, kwa sababu muswada wa filamu ulikuwa mwembamba. Hakuna aliyenifundisha.

Mdogo wangu, nimekaa na barua yako ya Februari na kiberiti. Nimeshindwa. Siyo kwa ajili ya vitabu. Nikisema sikukuuliza, halafu mtu mmoja akakumbuka, tutakuwa waongo wawili, na kila alichoandika yule mama aliyekusamehe kitageuka takataka. Lakini akiisoma mtu mwenye akili ataona nini? Blanketi, Profesa, na mtu aliyeshindwa kula. Nimeituma kwa bodi, yenyewe, pamoja na maelezo yangu.

Mchapishaji ameniita. Wenye filamu hawataki jambo hili lisikike kabla ya onyesho la kwanza. "Kaa kimya mpaka tuonyeshe," akaniambia, "au kitabu cha nne tumpe mwingine." Nikamwambia nimeshatoka posta.

Utanikasirikia. Kasirika, lakini nijibu.

Dada yako

30 Juni

Mdogo wangu,

U hali gani? Hii ni ya tatu bila jibu. Sijui hazikufikii au unanikomoa.

Jumamosi nilikuja getini. Sabuni na fulana wamepokea, mimi wamenikatalia. Askari wa kike aliyeandika jina langu alilitazama sana, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Ni kweli mhandisi anakufa?" Nikamwambia ndiyo. Akafyonya, akanirudishia kitambulisho.

Cha nne kapewa mwingine. Cha tatu kimeondolewa madukani, kitarudi bila sura ile. Mama sijamwambia. Rangi imeshakauka, kila asubuhi anafungua dirisha la chumba chako.

Nitukane ukitaka. Andika tu.

Dada

19 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Karatasi walininyima mpaka jana, ndiyo maana. Lakini sikufichi, hata ningekuwa nayo nisingekuandikia. Nilikukasirikia mpaka nikaumwa kichwa. Nilikuomba kitu kimoja tu.

Bodi imekaa Jumatano, mjini. Mwenyekiti ni mama mmoja wa miwani. Mezani mbele yake niliona mwandiko wangu. Akaniuliza, "Hii umeandika wewe?" Nikamtazama mkuu wa gereza, nikatazama mlango. Nikasema ndiyo.

"Ulimwambia dada yako askari anahesabu mablanketi?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Aliniuliza tunalalaje."

"Nawe ukamwambia tu, hivi hivi?"

"Mheshimiwa, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza."

Akavua miwani. Akaisoma barua yote kwa sauti, mpaka spana za fundi bomba. Kwa Profesa mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mrefu naye alishahojiwa kitandani, akasema akili ya kutoroka anayo mwenyewe, haihitaji kuazima.

Wameamua hivi: sikupanga kutoroka na yeyote, na hilo wameliandika. Nimerudi selo yetu. Lakini mambo ya ulinzi hayakuwa ya kusemwa nje, kwa hiyo kutoka kumeahirishwa hadi kikao cha Machi. Mwambie Mama Machi, usimwambie sababu. Kuhusu cha nne sijui niseme nini. Selo imeapa haitakisoma.

Kuna jambo la mwisho. Gari letu lilipotoka pale bodi lilisimama kidogo kwenye kona, kupisha lori. Nikakuona. Ulikuwa umesimama ukutani unatazama mlango wa mbele, na sisi tulitolewa wa nyuma. Nilikuita, kioo ni kinene. Mikono nilikuwa nimefungwa, nikagonga kwa kichwa mpaka askari akanivuta shati. Hukugeuka.

Umekonda, Dada. Kula.

Mdogo wako