Droni Iliyogoma Kumpulizia Baba Salfa

Mkunya, Newala
16 Julai 2023

Mpendwa kaka Walter,

Shikamoo. Hamjambo huko Bukoba, wewe na wifi Rose? Kikohozi cha mtoto kimepona? Sisi tuko salama, ila Baba amevunjika mguu, kafungwa hogo. Usishtuke, soma kwanza.

Msimu huu kikundi chetu cha wakulima kimekodi droni ya kupulizia mikorosho salfa. Ni roboti inayoruka, kaka! Shambani kuna mlingoti wenye kifaa cha kupima upepo. Kinatuma vipimo kwa intaneti, na upepo ukizidi droni inagoma kupuliza. Kamera yake nayo inatuma picha kwenye kishikwambi cha Naima, fundi wetu kutoka Masasi.

Baba hakuitaka. Miaka yote amepuliza kwa mashine ya mgongoni, na kifua unakijua. Nilimwambia mbele ya watu kwamba ukaidi wake utamuua. Aliinuka tu akaenda zake.

Jumanne asubuhi, ilipofika upande wa bondeni, droni ikasimama hewani. Nikadhani imeharibika. Kumbe imefundishwa kusimama ikiona mtu. Naima akatazama kioo, akaniita, "Dada Severina, kuna mtu kalala pale chini. Hanyanyuki."

Nikaliona shati la Baba. Kaka, nilikimbia bila viatu. Alikuwa ametelezea shimoni tangu alfajiri, sauti imemkauka kwa kuita.

"Nilikuja kuizuia," alisema. "Ile mikorosho mitatu aliipanda babu yenu."

Nililia, nikamwomba radhi kwa maneno yangu.

"Ulisema kweli, mwanangu. Ila ungeniambia nyumbani."

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Daktari kasema wiki sita. Baba ameruhusu kazi iendelee, lakini mikorosho ya Babu isiguswe. Naima ameiwekea alama kwenye ramani, na droni inaizunguka kwa adabu kama mgeni aliyekatazwa chumba.

Mama mdogo Emilia anakusalimu sana, na mdogo wetu Dorika anamsalimu wifi yake Rose.

Jana Baba kaniuliza likizo yako inaanza lini. Nikamuuliza kama nikuandikie uje. Akasema, "Mimi nimeuliza tarehe tu." Unamjua. Miaka minne hajakuona, na hivyo ndivyo anavyoomba.

Mungu akulinde, akufungulie njia.

Mdogo wako akupendaye,
Severina