Milango Iliyoganda Makaburini

Trysil, mwanzo wa Desemba

Kwako dada yangu Gudveig,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na mvua zenu za Kristiansand zisikuozeshe viatu. Magoti yanaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma kama meli inayotoka bandarini? Huku mimi ni mzima wa chuma, isipokuwa pua tu inanichuruzika.

Dada, safari hii bahati imenijua kwa jina. Nimepita Santos, nimepita Rotterdam, nimelala kwenye bandari ambazo walimu wetu hawakuziona hata kwenye ramani, lakini sijawahi kuishi kama msimu huu. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, ukitema mate yanafika chini yakiwa changarawe. Mimi nashuka ngazi na soksi tu hadi kwenye gereji yenye joto, sakafu vuguvugu kama tumbo la paka, na katikati limetulia gari la umeme, jeusi, ndilo lile la kwenye picha niliyokutumia. Majirani wanakwangua barafu kwenye vioo huku wakimtukana shetani. Mimi nakunywa kahawa.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Unasema kwa kuwa nina nyumba yenye joto na gari la maana, Mama asiendelee kukaa nyumba ya wazee. Tuwaambie wakigawe chumba chake, ahamie kwangu mwaka mpya. Wajua kama nijuavyo mimi kwamba chumba kile ukikiachia leo, kesho kina mtu mwingine, na hukipati tena. Ndiyo maana unanitaka niseme ndiyo au hapana kabla ya Krismasi. Nitasema. Ila niache kwanza nikusimulie Jumapili.

Mama alitaka kwenda kumwashia Baba mshumaa kaburini. Nikamwambia nitamchukua kama malkia. Sasa, gari la umeme wakati wa baridi halitaki ubabe, dada, linataka kubembelezwa. Linalala kwenye chaji usiku kucha, na kabla ya kuondoka unalipasha moto likiwa bado limechomekwa, ili joto lisije likala betri njiani. Nilikagua matairi ya misumari, yale ya kung’ata barafu. Nikaweka koleo, blanketi na ngozi ya kondoo. Kilichobaki kilikuwa kuipaka mafuta mipira ya milango isigande, na hapo ndipo sifa ziliponiponza. Niliona ile chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu imekauka ubavuni, nikasema Mama yangu hapandi gari chafu. Nikalimwagia maji ya moto humo humo gerejini, nikalifuta juu juu, na mafuta nikayasahau. Mtu anayelaza gari nje hafanyi kosa hilo. Ni kosa letu sisi tuliodekezwa na gereji.

Mama alipapasa kiti chenye moto, akauliza kama nimekuwa waziri siku hizi na hakuna aliyemwambia. Nikamjibu waziri atangoja zamu yake. Alicheka mpaka akakohoa.

Makaburini tuliondoa theluji, akawasha mshumaa, akaanza kuzungumza na Baba kwa sauti, unamjua alivyo. Akamwambia yule Eilert aliyemtoroka mwalimu sasa ana gereji yenye joto, na kwamba yeye Mama anahamia kwake, kwa hiyo Baba asiwe na wasiwasi. Mimi nikajifanya napangusa jiwe.

Tuliporudi garini milango ikagoma. Maji yalikuwa yamegandia kwenye mipira, na vishikio vimezama ndani kama mtu aliyekunyima mkono wa salamu. Nilivuta, nikapiga ngumi, nikapuliza pumzi mpaka nikaona nyota. Mama amesimama na fimbo yake, midomo imeanza kuwa ya buluu. Akatokea Tollef, mtunza kanisa, na trekta lake la kusukuma theluji. Akaliangalia gari, kisha akaniangalia mimi.

“Eilert, trekta langu halina akili, lakini linafunguka.”

Akampandisha Mama, akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Halafu akauliza, si magari haya yanaamrishwa kwa simu? Liamrishe basi lipashe joto, tusije tukamzika mama yako papa hapa kwa kurahisisha kazi. Nikasema simu yangu imeisha chaji.

Simu ikalia mfukoni mwangu.

Alikuwa Bwana Falkanger, yuko Oslo. Akaniuliza kwa adabu kabisa kwa nini gari lake liko makaburini. Kumbe simu yake humwonyesha gari lilipo, dada, mimi sikujua. Nikamwambia matusi ayaweke kiporo, kwanza awashe joto, mama yangu yuko kwenye baridi. Simnyimi haki yake: aliwasha papo hapo, na hakukata simu mpaka milango ilipoachia. Ndipo, kwa adabu ile ile, akaniambia nilirudishe gari, funguo nimpe jirani, na kile chumba ninacholala juu ya gereji nikihame kabla ya Krismasi. Atatafuta mtu mwingine wa kumtunzia nyumba ya mapumziko na kumpashia gari.

Mlango wa trekta ulikuwa wazi, na sauti ya simu yangu iko juu. Mama alisikia yote.

Tukarudi na gari, na njia nzima alipapasa tu kile kiti chenye moto. Nilitaka afoke, kufokewa nimezoea. Kwenye mlango wa nyumba ya wazee akanishika shavu akasema, “Kiti kilikuwa kizuri, mwanangu.” Kisha akasema chumbani kwake kuna kiti kimoja cha wageni, na nikikosa pa kukaa mchana, nikakalie hicho.

Basi, dada, usiwaambie wakigawe chumba cha Mama. Nakusihi. Krismasi njooni nyinyi huku, tutabanana kwake, hata kama shemeji atakula amesimama. Wasalimie wanao wote, na yule mdogo mwambie mjomba anamkumbuka.

Gari si langu. Gereji si yangu. Nyumba sina. Ile bahati niliyokutambia ni uongo mtupu.

Mimi ndugu yako,
Eilert