Kahawa ya Mgeni

Baba Asimwe mpenzi,

Bwana asifiwe. Nimefika Muleba salama, ila mvua haikatiki na kibanja chote cha migomba kimelowa. Nilipiga magoti kumsalimu mama. Akaingia ndani, akarudi na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akanitengea kama tunavyowatengea wageni. Nikacheka. "Mama, tangu lini mtoto wa nyumbani akapewa kahawa? Ni mimi, Byera."

"Byera wangu yuko Mwanza," akasema. "Anakuja Jumapili. Mkungu ule pale nimemwekea yeye, usije ukaugusa."

Nikatafuna kahawa, nikashukuru, nikaenda jikoni nikalia. Nikawakumbuka na wanetu. Siku hizi wakija wanakaa sebuleni na simu zao, nami nawapelekea soda kwenye trei kama wageni.

Wapigie Asimwe na Koku, wasingoje Krismasi kuja kumwona bibi yao. Nawe usilale bila kula, na uniombee. Mimi nabaki hadi Jumapili. Nikitoka ibadani nitabisha hodi upya, labda atasema Byera amefika.

Akupendaye,
Mama Asimwe