Gari Letu Huchemka Likipata Mwendo

Mpendwa kaka Otieno,

Gari letu la buluu bado linachemka. Naanza na hilo kwa sababu najua utalisoma hata kama mengine yote utayaruka.

Hapa mjini Migori halina neno. Naweza kukaa nalo kwenye msongamano wa siku ya soko, jua la saa saba likiunguza boneti, na mshale wa joto usisogee. Lakini nikishapita Awendo, barabara ikafunguka, nikalikanyagia hadi kilomita tisini, mshale unaanza kupanda. Nikipunguza, unarudi. Nikiongeza, unapanda tena. Ni miezi kumi na minne sasa, muda ule ule ambao hatujazungumza.

Nakuandikia kwenye safu hii ya gazeti, mahali pale pale nilipokutukania. Ningeweza kukutumia ujumbe wa faragha, lakini aibu niliyokupa haikuwa ya faragha.

Unakumbuka tulivyokuwa tukilitibu gari hili? Tulilinunua pamoja, likiwa limechoka, na kila Jumamosi nililileta kwenye gereji yako Oyugis. Wewe ulikuwa jicho, mimi nilikuwa mguu. Uliinama chini ya boneti, nami nikakaa nyuma ya usukani, kitabu kimeegemea honi, nikingoja amri yako.

"Kanyaga!"

Nikakanyaga.

"Shikilia hapo. Hapo hapo. Sasa achia. Achia, omera, ndugu yangu! Umelala kwa kitabu?"

Na yule mama wa chapati aliyekuwa mlangoni kwako hakuchoka kutania: "Fundi, hiyo spana yako inasoma!" Ulicheka hadi ukashikilia bampa. Nilikuwa na miaka arobaini, nimeshagombana na madiwani, maaskofu na wahariri watatu, na sikuwa na cheo nilichokipenda kuliko hicho cha spana inayosoma.

Halafu ikaja siku ya Rodi Kopany.

Nilikuwa nampeleka mama kliniki ya macho Homa Bay. Tulikuwa tumechelewa, nikakimbiza. Kabla ya kufika Rodi, mvuke ukafumuka mbele yetu kama sufuria iliyofunuliwa. Mama alikaa kando ya barabara saa tatu nzima, leso kichwani, mkono mmoja juu ya macho yake mabovu, na kliniki ikafungwa kabla hatujafika. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Ulinipigia jioni hiyo, ukaniuliza kama daktari.

"Mjini inachemka?"

"Hapana."

"Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Ukipunguza mwendo?"

"Mshale unarudi."

"Kuna kitu kimeguswa hivi karibuni?"

Hapo nikapandisha sauti. "Hakuna kilichoguswa ila ulichong'oa wewe!"

Nilimaanisha themostati, kile kizibo kidogo kinachofunguka maji yakipata moto. Ulikuwa umekitoa miaka mingi iliyopita, kama wanavyokitoa mafundi wote wa huku, kwa imani kwamba nchi yenye joto haikihitaji. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba bila kizibo hicho maji hupita mbio mno kwenye rejeta, hayapati nafasi ya kupoa. Nilikusomea hayo kwa sauti ya mtu anayehutubia.

Ulinisikiliza hadi mwisho. Kisha ukasema, "Maji hayapiti mbio. Nadhani hayapiti kabisa. Niletee Jumamosi. Ukanyage, niangalie."

Nikakujibu kwamba sina haja ya kuangaliwa na aliyeharibu.

Ulinipa Jumamosi, kaka, nami nikakurudishia makala. Niliandika juu ya mafundi wanaong'oa wasichokielewa. Sikutaja jina lako, na kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya hilo. Lakini niliandika "fundi mmoja wa Oyugis avaaye kofia ya sufu hata juani". Mji mzima ulijua ni nani. Naambiwa madereva waliikata gazetini, wakaibandika kwenye mlango wa gereji yako. Naambiwa uliiacha pale siku mbili, ukifanya kazi chini yake, halafu siku ya tatu ukafunga vifaa vyako na kuhamia Mbita kutengeneza injini za boti. Mama ndiye aliyeniletea maneno yako: "Injini ya boti haina ndugu mwandishi."

Nilicheka niliposikia. Kisha nikaingia nyumbani, nikakuta hakuna wa kumsimulia. Watoto wangu wako vyuoni, mama yao anafundisha mbali na hurudi likizo tu. Nimebaki na redio. Nagombana nayo kila asubuhi, inaendelea kusema kana kwamba sipo.

Tangu siku ile nimezunguka kwa mafundi wa hapa. Wa kwanza alibadilisha feni. Wa pili alisafisha rejeta, akanionyesha matope kwenye ndoo kama mtu aliyevua samaki mkubwa. Wa tatu alisimama kando tu, mikono mfukoni, akasema, "Hii ni kichwa, mwalimu. Kichwa ya injini imepasuka. Ukiendesha tena utaizika." Wa nne alirudisha themostati, mpya kabisa, na hapo nilijiona mshindi. Nilitoka nikiimba. Kabla ya kufika Rongo mshale ulikuwa juu, na wimbo umeniishia mdomoni.

Kwa hiyo nadharia yangu ilikufa pale Rongo, na shahidi wake nilikuwa mimi peke yangu. Ningepaswa kukupigia siku ile. Nilijiambia hutashika. Ukweli ni kwamba niliogopa ungeshika.

Mama amekataa kulipanda. Mwezi uliopita nilifika kumchukua, akasimama mlangoni na fimbo yake. "Mimi sipandi hii gari mpaka Otieno aiangalie."

"Mama, Otieno hataki kuniona."

"Sijasema akuangalie wewe. Nimesema gari."

Akaenda kliniki na bodaboda, macho yale yale, umri ule ule.

Jumapili iliyopita nikaamua kufanya kazi yako. Nililiweka gari uani, nikayazuia magurudumu kwa mawe, nikavuta breki ya mkono, nikaliacha liungurume mpaka likapata moto sawasawa. Nikafungua boneti. Halafu nikagundua kile ambacho pengine ulikijua tangu simu ile: gari likisimama, ugonjwa haujitokezi, likikimbia, hakuna anayeweza kuangalia chini ya boneti. Njia ni moja, mmoja akanyage na mwingine aangalie. Nami nilikuwa mmoja.

Nikaleta mpini wa jembe, nikaukaza kati ya kiti na pedali. Injini ikanguruma kama iko barabarani. Nikakimbia mbele.

Nikauona, Otieno. Mpira wa chini wa rejeta, ule mnene unaopeleka maji kwenye pampu, ulikuwa umefyonzwa ukawa bapa kama mashavu ya mtu anayenyonya mfupa. Pampu inavuta kwa nguvu, mpira unajikunja, njia inaziba. Maji hayapiti mbio. Hayapiti kabisa.

Nikasema kwa sauti, "Achia."

Hakuna aliyeachia. Injini iliendelea kunguruma, nami nimesimama pale na mkono juu, kama ulivyokuwa ukisimama, nikingoja mguu ambao haupo. Ilibidi nizunguke mwenyewe nikang'oe mpini. Niliporudi mbele mpira ulikuwa umejaa tena, mzima, hauna hatia.

Sasa nikujibu swali lako la nne, kwa kuchelewa kwa miezi kumi na minne. Ndiyo, kuna kitu kilikuwa kimeguswa. Wiki mbili kabla ya safari ya Rodi, mpira huo ulipasuka, nikanunua mwingine, nikaufunga kwa mikono yangu, nikajisifu. Ndani ya ule wa zamani mlikuwa na waya uliojizungusha kama springi, umeliwa na kutu. Niliuona kama takataka. Sikujua kwamba ndio unaouzuia mpira usijikunje. Niliuvuta nje, nikaunyoosha, nikaufungia mlango wa banda la kuku. Upo hapo hadi leo. Kila asubuhi nimekuwa nikiufungua na kuufunga, kisha naingia ndani kuandika juu ya watu wanaong'oa wasichokielewa.

Kwa wasomaji wangu: fundi wa Oyugis hakuliharibu gari. Aliyeliharibu ni mimi, na niliambiwa jinsi ya kulijua nikatukana. Makala ile naifuta, neno kwa neno, isipokuwa moja. Kaka, themostati haitolewi. Hilo bado nashikilia, na niko tayari kugombana nawe mchana kutwa. Natamani kugombana nawe. Redio hainitoshi.

Mpira mwingine sijanunua. Duka liko hatua chache kutoka hapa, na kazi yenyewe haimalizi saa moja, lakini nimeuacha huo huo. Jumamosi nitakuja Mbita nikienda kilomita hamsini, madirisha wazi, hita imefunguliwa mpaka mwisho ili ivute joto la injini, nikitokwa jasho kama ninavyostahili. Nitasimama mbele ya mahali unapotengenezea boti zako. Waya wa banda la kuku nitakuwa nao kwenye kiti cha pembeni, uuone kwa macho yako.

Si lazima unisalimie. Si lazima hata unitazame. Fungua boneti tu, uiname kama zamani, useme lile neno moja. Nitakuwa nyuma ya usukani, mguu umekaa tayari. Na safari hii sitakuja na kitabu.

Mimi,
Mdogo wako