Feni Yangu na Sinema ya Baba Yenu

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria kubwa, kipasheni moto kwanza. Wingu likitanda, anueni nguo.

Sasa habari ya asubuhi, maana baba yenu atawasimulia na kutia chumvi. Ile kompyuta kuukuu, iliyokaa stoo mpaka mijusi wakataga mayai ndani yake, kaiunganisha na tivii, eti ndiyo sinema ya nyumbani. Sikatai, filamu zinaonekana na muziki unalia. Lakini inachemka kama jiko, na ili isizimike kachukua feni ya chumbani akaielekeza kwenye hilo boksi. Boksi linapulizwa, mke analala ametota jasho!

Leo nikachomoa waya wa kompyuta nipige pasi sare zenu. Kumbe ilikuwa inapakua filamu tangu jana. Mzee katoka bafuni na povu kichwani, ananifokea mbele ya jirani kwamba sijui thamani ya mashine. Mimi, niliyekivumilia kipara chake miaka yote hii!

~~Naenda kwa dada yangu na sirudi.~~ Naenda kwa dada yangu. Nitarudi jioni.

Mwambieni soksi zake nimezianika nyuma ya kompyuta, zimekauka kabla sijamaliza chai. Kumbe ina faida.

Filamu ya leo msianze bila mimi. Kiti cha mbele ni changu, na feni initazame mimi. Boksi likiona joto, baba yenu alipepee kwa mkono.

Mama yenu